Msamaha wa Mama Vifungo

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Nikinunua mayai nayatikisa sikioni moja moja, nikirudishiwa chenji naihesabu mbele ya muuzaji, akinuna na anune. Mume wangu ni kinyume changu kabisa. Yule ukimwambia jua leo limechomoza magharibi, atakuuliza kama lilikuwa kali. Nimeishi naye miaka mingi na bado sijui kama ni wema tu au ni uzembe, maana kwake mambo hayo mawili yamefumwa pamoja.

Kazi yake ni udobi. Anafulia uani, penye bomba, na chumba chetu cha mbele ndicho cha kupigia pasi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, rafu za mbao, kamba zilizojaa mashati ya watu, na harufu ya sabuni na wanga ambayo mimi siisikii tena ila wageni huitaja. Mtaani wanamwita Bahasha. Jina hilo alilipata kwa tabia yake moja. Nguo ikija na kitu mfukoni, iwe pesa, ufunguo, barua ya mapenzi au kipande cha sigara, hakitazami mara mbili. Anakitia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi, anaibana kwa pini kwenye nguo ileile, na mwenyewe anarudishiwa vyote pamoja. Hasomi, hahesabu, haulizi. Nilipokuwa bado bibi arusi nilimwuliza kwa nini asihesabu walau zile pesa, asije akasingiziwa. Akanijibu kwamba ukishaihesabu pesa ya mtu, umeshaitamani kidogo.

Basi watu wakamwamini hata wakaacha kupekua mifuko yao. Waume za watu walileta makoti yenye siri za kuvunja nusu ya ndoa za mtaa huu, na ndoa hazikuvunjika. Mimi nilikuwa naziona zile bahasha zimejipanga, vidole vinaniwasha, nikajizuia. Alipokuja dobi mwingine mwenye mashine za kisasa akafungua barabara kuu, wateja wetu hawakuhama. Wali wetu na ada za watoto vilitoka kwenye jina lile, wala si kwenye sabuni, maana sabuni kila mtu anayo.

Hata benki ilitufuata kwa ajili ya jina hilo. Tawi lao lililo barabara kuu lilimpa makoti ya wafanyakazi, yale ya buluu yenye nembo kifuani. Kila Jumatatu anapeleka safi, anarudi na chafu kwenye kapu la baiskeli. Na kwa kuwa anakwenda huko kila wiki, majirani wakamfanya tarishi wao. Huyu anampa karatasi apeleke, yule anampa akiba yake akaiweke. Nilisema tangu mwanzo kwamba hayo ni mambo ya kujitafutia balaa. Nikaambiwa nina roho mbaya.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni fundi wa cherehani. Tunamwita Mama Vifungo, kwa sababu huwezi kukaa kwake ukainuka bila kifungo kukuganda makalioni. Mimi kwake ni dada, mume wangu kwake ni shemeji, watoto wake wamekulia kwangu na wangu wamekulia kwake. Mwanamke mchapakazi, ulimi wa moto, moyo mkubwa. Alikuwa akidunduliza kwa muda mrefu anunue cherehani ya umeme ya kudarizi. Kulikuwa na muuzaji aliyemwekea moja, akamwambia atamngojea mpaka mwisho wa mwezi, pesa iingie kwenye akaunti yake ndipo ihamishwe kwa muuzaji. Ikipita hapo, inauzwa kwa mwingine.

Akiba yake aliiweka kwenye kopo, chini ya vifungo, noti zote zimejikunja na kulegea. Benki ilikuwa na tabia ya kuzikunjia uso noti za namna hiyo, kwa hiyo mtaani kwetu kulikuwa na desturi: kabla pesa haijakwenda benki, inapita kwa Bahasha, anainyunyizia maji ya wanga kidogo na kuipiga pasi. Zinatoka zimenyooka hata unaona haya kuzitumia. Jumapili ile Mama Vifungo alisimama pale mezani mwenyewe huku mume wangu akizinyoosha, moja juu ya nyingine, kama anavyofanya vitambaa vya mkono. Kisha akazifunga kwa utepe wake, akamkabidhi pamoja na namba ya akaunti. Kiasi hakukitaja, na shemeji yake hakukiuliza.

Kesho yake dirishani, keshia alimwuliza anaweka kiasi gani. Mume wangu akajibu kwamba hajui, si zake, mashine itasema. Mimi nilipokuja kulisikia jibu hilo nilishika kichwa. Nani mwingine duniani angejibu hivyo? Mashine ikahesabu, keshia akaandika, mume wangu akatia saini bila kusoma, risiti akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Risiti ya mtu nayo ni mali ya mtu.

Alipofika uani, Mama Vifungo alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Benki ilikuwa imeshamtumia ujumbe. Alifungua bahasha, akasoma, akasoma tena, akalinganisha na simu. Pesa ilikuwa imepungua, na si kidogo. Alimwuliza kwa upole sana kama kuna noti zimebaki mezani, labda chini ya blanketi. Tukalitoa blanketi. Tukainua hadi meza. Hakukuwa na kitu, na mimi nilianza kuogopa, kwa sababu Mama Vifungo akiwa mpole ujue kuna jambo.

Kulipokucha tulikwenda benki sisi watatu. Meneja akatukaribisha ofisini kwake, kiyoyozi kinavuma, akaagiza soda. Hapo hapo nikamshuku. Meneja asiye na hatia hampi dobi soda. Alituonyesha karatasi, akamwuliza mume wangu kama saini ile ni yake. Ni yangu. Kuna mtu alimlazimisha? Hapana. Basi, akasema, kilichohesabiwa ndicho kilicholetwa, na hesabu za jioni ile zilikaa sawasawa, hakuna kilichozidi wala kupungua. Alisema hivyo huku akizungusha kalamu, na kila akisema "sawasawa" anaitazama kalamu. Nikamwuliza kama tunaweza kuongea na yule keshia. Akasema yuko mapumziko ya chakula. Saa hiyo hata chai ya asubuhi ilikuwa haijatulia tumboni.

Njiani kurudi nilimwonyesha Mama Vifungo kila nilichokiona: kalamu, soda, mapumziko ya asubuhi. Kwenye mlango wa ua akasema anaumwa kichwa, akajifungia. Nikajua ameshafanya hesabu yake mwenyewe. Pesa ilitoka mkononi mwake kamili, ikafika dirishani pungufu, na katikati yake palikuwa na mtu mmoja tu juu ya baiskeli.

Hakutukana, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliwaambia wawili watatu kwa sauti ya chini, nao wakawaambia wengine, na lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Wiki ile ile nguo zikaanza kuletwa mifuko ikiwa imepinduliwa nje. Suruali baada ya suruali, mifuko inaning'inia. Walileta na kucheka kidogo, "siku hizi nimejifunza kukagua, usije ukapata usumbufu," na mume wangu akapokea na kusema asante. Usiku aliketi kitandani akiirudisha ndani mifuko ya suruali ya mwalimu, mpangaji mwenzetu, mmoja mmoja, polepole, na mimi nikageukia ukutani nikalia.

Niliwashuku wote. Nilimshuku meneja, nikamshuku keshia, nikamshuku askari wa mlangoni aliyemshikia mume wangu baiskeli. Nilimshuku hata muuzaji wa cherehani, bila sababu yoyote ya maana. Mtu mmoja tu sikumshuku, naye ni yule anayelala kando yangu, kwa kuwa mtu yule hawezi kunificha hata zawadi. Akininunulia kitambaa huanza kucheka tangu kwenye bomba.

Jumatatu ikafika, kapu la makoti ya benki likawa uani kwangu. Koti la keshia lilikuwa juu, jina lake kwenye kibandiko. Nikamwambia mume wangu kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zao ndizo hizi. Tupekue. Labda kuna kikaratasi, labda kuna chochote. Aliacha kufua, akaja na povu mikononi, akasimama kati yangu na kapu.

"Mama watoto," akasema, "ukitia mkono humo, mimi kazi hii naiacha leo."

"Na jina lako?"

"Jina langu ndilo hilo hilo unalotaka kulitia mkono."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia. Akayafua yale makoti, akayanyoosha, akakuta pipi kwenye mfuko mmoja, akaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Pipi.

Siku chache baadaye, alasiri ya mvua, akaja msichana mmoja amejitanda mtandio mpaka puani, akasema amefuata koti lake. Nilimtambua kwa viatu, vile vyeusi wanavyovaa wote pale benki. Nikamwuliza tangu lini benki inafuata nguo yenyewe. Akaniomba nifunge mlango. Nikaufunga, lakini nikasimama karibu na pasi.

Ndiye keshia. Alizungumza akimtazama mume wangu tu. Alisema jioni ile, alipokuwa akifunga noti za siku, alikuta noti ngumu zilizoshikana mbili mbili, zinanukia wanga. Mashine ilikuwa imezihesabu mbili kama moja. Sanduku lake likazidi, na alijua palepale zimezidi kwa nani. Akamwambia meneja. Meneja akamwambia aziweke kando, anyamaze, asubiri kama mtu atalalamika. Lakini tulipokuja kulalamika, meneja alikuwa ameshatuma taarifa makao makuu kwamba siku ile haikuwa na kasoro, na tawi lake lilikuwa likisubiri kusifiwa kwa hesabu safi. Akachagua hesabu zake. Sasa wakaguzi walikuwa njiani, naye ameingiwa na hofu, anataka pesa zile ziingizwe kimya kimya kwenye akaunti ya Mama Vifungo. Kesho zitaingia.

"Nimeshindwa kulala, baba," msichana akasema. "Lakini wakijua nimekuja hapa, kazi sina, na nyumbani wananitegemea mimi."

Mume wangu akamshukuru, akampa koti lake, akamwazima mwavuli. Mlango ulipofungwa, mimi tayari nilikuwa nimevaa kandambili niende kuutangazia ua mzima. Akanishika mkono.

"Huyo ametutolea kitu kilichokuwa mfukoni mwake," akasema. "Si chetu."

Nilimwambia amerogwa. Nilimwambia watoto wetu watakula bahasha. Akakubali yote, akasema pesa ya Mama Vifungo kesho inarudi, cherehani itanunuliwa, na mambo yatapoa yenyewe. Mimi kimoyomoyo nikasema mambo ya benki hayapoi yenyewe hata siku moja. Lakini msichana yule alikuwa umri wa binti yangu mkubwa, na sura yake ilinikaa. Nikavua kandambili.

Kweli, kesho yake pesa zikaingia. Benki hiyo hiyo iliyozipoteza ikazirudisha kwa namna yao: walizipachika kwenye karatasi ya kwanza, ile yenye saini ya mume wangu, na mtambo wao ukatuma ujumbe kwenye simu ya Mama Vifungo. Ulitaja kiasi kilichokuwa kimepungua, na mbele yake, penye "aliyeweka", jina kamili la mume wangu.

Mimi sikulijua hilo mpaka jioni, watu wote wakiwa uani, wengine bombani, wengine wanawasha majiko. Mama Vifungo akatoka chumbani amevaa vizuri, macho yamemvimba. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye beseni la mume wangu, akamshika mabega mawili mbele ya kila mtu.

"Shemeji, nimeziona. Umerudisha zote, hata senti haikupungua," akasema. "Shida humfika kila mtu. Ungeniambia tu, ningekukopesha. Mimi nimekusamehe, na hawa wote wawe mashahidi, neno hili asilirudie mtu."

Wanawake wakasema amina. Mwalimu akaja kumpa mume wangu mkono. Wote walikuwa na furaha ya kweli, na nyuso zao zilikuwa laini, na mimi nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Sasa ndiyo walikuwa na hakika. Mpaka asubuhi ile walikuwa wanashuku tu. Sasa wamepata na ushahidi, na ushahidi umekuja na jina lake. Aseme nini? Akikana, ataonekana mwizi asiye na shukrani. Akinyamaza, amekiri. Na ukweli umo mfukoni mwa msichana wa watu.

Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali.

"Shemeji, msamaha wako siupokei," akasema. "Hizo pesa si mimi niliyezileta. Kazitoe, uwarudishie benki. Halafu uje unidai mimi, mbele ya hawahawa."

Mama Vifungo akaiachia mikono yake ikaanguka. Akamwuliza kama amesikia vizuri. Mume wangu akarudia neno kwa neno. Mtu mmoja nyuma akacheka, mwingine akasema kiburi, na yule mwalimu akauficha mkono wake mfukoni. Mama Vifungo akasema kumbe ndiyo malipo ya wema, akaubamiza mlango wake hata bawaba ikalia.

Usiku ule nilimlaumu. Nilimwambia angeumeza tu ule msamaha, kesho watu wangesahau, nguo zingekuja, tungekula. Akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Mwizi aliyesamehewa ni mwizi," akasema. "Wanaonishuku leo wanaweza kesho kujua. Wakishanisamehe hawatauliza tena."

Tumaini sikuwa nalo, maana hebu niambie, nani utamwona akirudisha pesa iliyokwisha ingia? Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Cherehani ilikuwa inamngoja dukani. Nilimsikia Mama Vifungo ng'ambo ya ukuta anatembea, anakaa, anatembea tena, na nikamwazia mabaya yote.

Asubuhi mlango wake ulikuwa na kufuli. Alirudi jua likiwa kichwani, mtandio umemteremka mabegani, anahema. Hakuja kwangu. Alisimama bombani, akaita watu watoke vyumbani, na kwa sauti ile yake ya siku zote, siyo ile ya upole, akaanza kueleza.

Alikwenda benki kwa hasira. Alijiambia kwamba pesa ambayo hata aliyeileta anaikana, yeye haili, isije ikawa na mkosi. Alizitoa dirishani, akazisukuma zirudi, akasema anawarudishia. Keshia mwingine akachanganyikiwa, akamwita meneja. Meneja akaja mbio akimwambia ashushe sauti, zichukue mama, haziwezi kurudi, zitaharibu hesabu. Mama Vifungo akamwambia hazichukui pesa za mtu. Watu kwenye foleni wakaanza kusogea. Ndipo meneja, jasho linamtoka chini ya kiyoyozi chake, akasema, "Mama, si za mtu, ni zako wewe, zimekuwa hapa kwetu tangu siku ileile."

"Nikamwuliza, siku ipi?" Mama Vifungo akatuambia. "Nikamwuliza mara mbili. Akafunga mdomo. Hakuufungua tena mpaka naondoka, na foleni nzima imemsikia."

Bomba likaachwa linatiririka. Yule mwalimu akaona ana jambo la haraka chumbani kwake. Mama Vifungo akamgeukia mume wangu, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto, akaanza kusema shemeji, mimi, shemeji, na hakuweza kumaliza. Mume wangu akamwambia asilie, ya nini sasa, awahi dukani kabla cherehani haijauzwa. Alimsamehe palepale, hata kabla hajaombwa.

Cherehani aliiwahi. Anadarizi mpaka leo, na mashuka yake yanafuliwa kwetu, na akija husimama mlangoni na kuniita dada kwa sauti ndogo, anangoja nimkaribishe ndani. Namjibu. Chai nampa. Lakini mume wangu ni mume wangu na mimi ni mimi, na kukaribisha bado sijamkaribisha.